Rubani na Mjuzi wa Hewa: Historia ya Habari za Hali ya Hewa kwa Ndege Ndogo katika Dar es Salaam

Neno rubani ni la zamani kuliko ndege. Kabla mtu yeyote hajaruka juu ya pwani hii, rubani alikuwa mtu wa baharini. Nahodha alikuwa mwenye amri ya chombo. Rubani alikuwa mwenye maarifa ya mahali. Alijua miamba, mikondo na vina vya mlango wa bandari, na nahodha mgeni alipofika alimpandisha chomboni, akamsikiliza mpaka nanga ikatiwa. Ndege zilipokuja, neno hilo likatoka majini likapanda angani, na leo kijana wa Kinondoni akiulizwa rubani ni nani hatataja jahazi. Atanyosha kidole juu.

Katika kuhama huko neno limegeuka kinyume. Rubani wa zamani ndiye aliyekuwa akiulizwa. Rubani wa sasa ndiye anayeuliza. Yeye ni mgeni wa kila mahali aendapo, naye humtegemea mtu wa nchi kavu amwambie, kabla hajaondoka, hewa ilivyo na itakavyokuwa. Makala haya yanahusu mazungumzo ya watu hao wawili katika Dar es Salaam na viunga vyake. Nakusudia kuonyesha kwamba vyombo vya kupimia na taratibu za kupeleka habari vimeendelea sana katika muda wa karne moja, bali lugha ya kuelezana imeachwa nyuma. Na kwamba upungufu huo si jambo la urembo wa maneno, kwani wagusa uhai wa watu.

Kwa ndege ndogo nakusudia zile za injini moja au mbili zichukuazo abiria wachache kwenda Unguja, Mafia na mbuga za wanyama, za madaktari na za misheni, za kupima ardhi, za wanafunzi wa urubani, na za watu binafsi. Ndege kubwa hupanda juu ya mawingu mengi, ina rada yake puani, na nyuma yake ipo ofisi nzima inayoitazama njia. Rubani wa ndege ndogo mara nyingi yu peke yake. Hupita chini ya mawingu au kati yake, na hutua mahali ambapo pengine hapana mnara wala mpimaji. Kwake yeye habari ya hewa aliyopewa kabla ya kuondoka ndiyo akiba yake yote.

Maarifa ya vyombo vya tanga

Haifai kuanza historia hii na kipimajoto cha kwanza. Wenyeji wa pwani walikuwa na elimu ya hewa iliyopangwa vizuri, nayo ilikuwa na kalenda na msamiati wake. Kaskazi huvuma kadiri ya Desemba hadi Machi, na kusi huanza kadiri ya Aprili na kuendelea mpaka Septemba au zaidi. Kati ya hizo mbili upo muda wa tanga mbili, yaani maleleji, ambapo pepo hazina mwelekeo mmoja. Mwisho wa kusi, pepo zikipungua nguvu, huitwa demani. Ndani ya siku moja pia walitofautisha upepo wa asubuhi utokao bara, ambao kamusi za zamani huuita umande, na upepo wa matlai utokao upande wa macheo. Mwaka wa kazi ulihesabiwa kwa Nairuzi, mwaka wa jua wenye siku 365, uliogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi. Mwezi wa Kiislamu ulimfaa mtu kwa ibada. Nairuzi ilimfaa kwa kulima na kusafiri, maana haiachani na majira.

Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni kwamba msamiati huu haukutaja pepo kwa dira peke yake, bali pia kwa uhusiano wake na chombo. Upepo unaokikabili chombo mbele uliitwa pepo za omo, kwa kuwa omo ni sehemu ya mbele. Upepo unaokijia ubavuni uliitwa wa matanga kati. Upande utokako upepo ni joshini, na ule uendako ni demanini. Huu ndio mgawanyo hasa anaouhitaji rubani wa ndege. Kujua kwamba upepo watoka kusini hakumsaidii mpaka ajue kama utamkabili katika kutua au utampiga ubavuni.

Mfano wa kiwanja chetu utaonyesha maana yake. Njia kuu ya kurukia ya Dar es Salaam imelala kati ya kaskazini-mashariki na kusini-magharibi. Kaskazi basi huja karibu sawa na njia hiyo, na ndege iliyoelekezwa vyema huipata kuwa pepo ya omo, ambayo ni msaada mkubwa katika kuruka na kutua. Kusi, ikivuma kutoka kusini na kusini-mashariki, huikata njia. Ni pepo ya matanga kati, na kwa ndege nyepesi hiyo ndiyo pepo ya kuogopwa. Mvuvi wa Msasani au Kunduchi, asiyewahi kupanda ndege, akielezwa njia ilivyolala aweza kusema mara moja ni katika majira gani marubani watapata taabu.

Elimu hii ilikuwa na mipaka. Iliwajulisha watu desturi ya hewa, lakini haikuweza kuwaonya juu ya jambo lililo nje ya desturi. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini, zikiwamo meli za Seyyid Barghash. Hapakuwa na mtu wa kuambiwa habari zake mapema, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine kule baharini aliyeweza kuzileta kwa haraka kuliko kimbunga chenyewe. Ili watu waonywe ilihitajiwa njia ya kupeleka habari mbio kuliko upepo. Njia hiyo ilikuja na waya, na baadaye na redio.

Mafunzo ya kwanza ya angani

Ndege za kwanza kufanya kazi katika pwani hii zililetwa na vita. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilijificha katika matawi ya mto Rufiji, na Waingereza wakamwajiri rubani wa kiraia kutoka Durban, H. D. Cutler, aje na ndege ndogo ya kutua majini kuitafuta. Katika mruko wake wa kwanza, mwezi wa Novemba, alipotea njia katika mawingu na mvua, akalazimika kushuka karibu na kisiwa mpaka alipotafutwa na kuokolewa. Mwaka uliofuata zikaletwa ndege nyingine, na baadhi yake zilishindwa kupaa kama ilivyotazamiwa, maana joto na unyevu wa huku vilizipunguzia nguvu. Hewa ya moto ni nyepesi. Bawa hushika kidogo, na injini hupumua kidogo. Mwishowe kiwanja kikafanywa Mafia, na mnamo Julai 1915 marubani walioruka kutoka kisiwani humo waliongoza mizinga iliyoiangamiza manowari ile.

Katika habari hii fupi yamo mambo mawili makubwa ambayo rubani wa ndege ndogo hana budi kuyauliza hata leo: je, nitaona njia yangu, na je, hewa ya leo itanibeba? Cutler hakuwa na mtu wa kumjibu, ingawa visiwa vyote vya jirani vilikuwa na wavuvi wajuao mvua ya Novemba itokako na iendako. Hatusomi kwamba waliulizwa.

Baada ya vita safari za amani zilianza polepole. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways katika Nairobi, na ndege zake ndogo zikawa zikishuka pwani na kugusa Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Mwaka 1932 kampuni ya Imperial Airways ilifungua njia ya kwenda Cape Town iliyopita bara, kwa Moshi, Dodoma na Mbeya. Mwaka 1937 njia hiyo ilihamishiwa pwani, na ndege kubwa za kutua majini zikawa zikishuka katika bandari ya Dar es Salaam na kuendelea Lindi. Kwa miaka michache rubani wa anga na rubani wa bahari walitumia maji yale yale, na wote wawili walilazimika kuangalia upepo, mawimbi na vyombo vilivyotia nanga.

Ama ndege za kutua nchi kavu, kiwanja chao cha kwanza kilikuwa Kurasini, mahali ambapo leo ni katika Wilaya ya Temeke, karibu na maji ya bandari na mashamba ya minazi.

Ndugu wawili wasiojuana

Vipimo vya hewa katika Dar es Salaam vilianza zamani za Wadachi, katika miaka ya 1890, lakini nia yao kubwa ilikuwa kilimo na afya. Kazi iliyokusudiwa kwa usafiri wa anga ilikuja na Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, iliyoanzishwa mwaka 1929 na makao yake yakawa Nairobi. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Albert Walter, mtaalamu wa hesabu na nyota aliyekuwa amefanya kazi hiyo Mauritius, kisiwa kinachojua vimbunga. Idara hiyo ilihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja.

Msomaji wa jarida kama hili atakumbuka mara moja mwaka unaofuata. Tarehe 1 Januari 1930 ilianza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi zizo hizo nne, ambayo ndiyo babu wa taasisi ya leo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Basi katika muda wa miezi kumi na miwili serikali zile zile zilizaa watoto wawili. Mmoja alipewa kazi ya kukusanya mvua na pepo za Afrika Mashariki na kuziweka katika mizani moja. Wa pili alipewa kazi ya kukusanya maneno na kuyaweka katika tahajia moja. Wote wawili walitafuta usanifu, na wote wawili walipeleka karatasi zao kutoka wilaya hata wilaya.

Lakini hawakuzungumza. Kamusi ya Kamati ya mwaka 1939 ilihifadhi maneno ya bahari kwa uangalifu, kwa kuwa wakusanyaji wake walikuwa wamewasikiliza watu wa vyombo. Wataalamu wa hewa nao waliandika kila kitu kwa Kiingereza na kwa tarakimu. Hivyo maneno yaliyohifadhiwa hayakupewa kazi, na kazi mpya haikupewa maneno. Kiswahili kilipohitaji kusema juu ya hewa ya kisasa kilijenga upya: hali ya hewa, utabiri, mgandamizo, unyevunyevu. Haya ni maneno mazuri, nami siyakatai. Nasema tu kwamba yalijengwa kama nyumba mpya kando ya nyumba iliyokuwa tayari na watu ndani yake.

Kutoka Kurasini hadi Ukonga

Baada ya vita vikuu vya pili usafiri wa anga ulipata sheria za dunia nzima. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 ulizaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, na mwaka 1948 shirika hilo likatoa kanuni za habari za hewa kwa marubani, zijulikanazo mpaka leo kama Kiambatisho cha 3. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza safari mwaka 1946. Kurasini ikawa haitoshi tena, na mwaka 1954 kiwanja kipya kikafunguliwa upande wa Ukonga na Kipawa, ambako kipo hata sasa. Ndege ndogo zimebaki na jengo lao la zamani, na abiria wa Mafia bado hupita pale.

Kazi ya mpimaji ilikuwa, na kwa sehemu kubwa bado ni, kama hivi. Kwa saa maalumu hutoka nje na kutazama. Hupima upepo kwa nyuzi za dira na kwa noti. Hukadiria umbali wa kuona kwa kutumia alama anazozijua, mnara huu au kilima kile. Huigawa mbingu katika sehemu nane na kusema ni sehemu ngapi zimefunikwa na mawingu, na kwa kimo gani. Husoma joto na mgandamizo. Kisha huyageuza yote kuwa herufi na tarakimu, yakapelekwa. Mtabiri huzipokea habari za vituo vingi, huzilinganisha, na kumweleza rubani. Kiambatisho cha 3 chataja mambo mawili ambayo wengi huyachanganya: maelezo, yaani rubani kuambiwa hali ilivyo, na mashauriano, yaani rubani kuuliza na kujibiwa.

Ubora wa tarakimu ni dhahiri. Tarakimu haina lafudhi. Nairobi, London na Bombay ziliisoma sawasawa. Bila hiyo hapangekuwa na usafiri wa anga kati ya nchi na nchi. Lakini tarakimu huacha vitu nje. Mpimaji aliyekaa Ukonga miaka mingi hutazama wingu lililosimama kama mnara upande wa vilima vya Pugu, naye anajua kwa mazoea kama litashuka mjini au litapotelea bara. Ujuzi huo alikuwa nao kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani kwake, na katika fomu hapakuwa na mahali pake. Rubani aliyekwenda mwenyewe ofisini na kuketi na mtabiri aliweza kuupata kwa mazungumzo. Aliyechukua karatasi tu hakuupata.

Historia ya utawala wa kazi hii yaweza kuelezwa kwa ufupi. Idara ilikuwa chini ya Halmashauri ya Afrika Mashariki tangu 1948, na baadaye chini ya Jumuiya ya mwaka 1967. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilibaki na vituo vyake, na Tanzania ikatunga sheria yake mwaka 1978. Hiyo haikuwa kazi nyepesi, maana makao, karakana na hifadhi kuu ya vipimo vilikuwa Nairobi. Mwaka 1999 ikaundwa Wakala, na sheria ya mwaka 2019 ikaifanya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Wapimaji hufunzwa katika chuo chake kilichoko Kigoma. Rada za mvua zimejengwa, na rubani aweza kupata taarifa kwa intaneti bila kufika ofisini.

Hapo ndipo palipo na jambo la kufikiriwa. Urahisi huu umeondoa safari ya kwenda ofisini, na pamoja nayo umeondoa mashauriano. Rubani wa zamani alilazimika kukutana na mjuzi wa hewa. Wa sasa hukutana na karatasi isiyoweza kuulizwa. Kwa hiyo maneno yaliyomo katika taarifa yamepata uzito kuliko zamani, kwa sababu hapana uso wala sauti ya kuyafafanua.

Neno gani kwa jambo gani

Mtu aweza kusema: kuna haja gani ya Kiswahili hapa, ikiwa mnara hunena Kiingereza na taarifa huandikwa kwa tarakimu? Katika redio ya mnara Kiingereza chafaa, maana angani wamo wageni wengi na wote hawana budi kusikilizana. Bali safari ya ndege ndogo haianzi wala haiishi katika redio ya mnara. Tuchukue mfano wa rubani aliye Dar es Salaam, aendaye kiwanja cha nyasi kilicho mbali na kituo chochote cha kupimia. Karatasi ya Dar es Salaam haimwambii habari za huko. Basi humpigia simu mlinzi wa kiwanja, yule afukuzaye ng'ombe na kufyeka majani, akamwuliza: huko vipi? Naye hujibu: kuna mawingu kidogo tu.

Jibu hili ni la ukweli na la heshima, lakini halina kipimo. Kidogo ni sehemu mbili za mbingu au sita? Yako juu ya vilima au yameviziba? Mlinzi hakosi macho, wala rubani hakosi akili. Kinachokosekana ni makubaliano ya maneno. Nayo maneno yenyewe yapo. Mbingu ikiwa haina wingu twasema imetakata. Ikifunikwa yote twasema imetanda. Mvua ikiwa nyembamba twasema manyunyu au rasharasha. Ikiziba hata kilima cha jirani kisionekane, watu husema mvua imefunga. Kila neno katika haya laweza kupewa kipimo chake, kutakata kuwa sifuri na kutanda kuwa nane, na mlinzi wa kiwanja akajifunza kwa asubuhi moja, kwa sababu hafundishwi neno jipya. Afundishwa tu kulitumia lile lake kwa mpaka.

Neno utabiri nalo lahitaji kutazamwa. Asili yake ni Kiarabu, nalo katika lugha ile lilihusu kufasiri ndoto. Kwetu lilikuwa likitumika kwa kazi ya mnajimu na mpiga ramli kabla halijapewa kazi ya hewa. Mpaka leo msikilizaji wa Mbagala au Manzese hulipima kwa kipimo cha zamani: mtabiri hupatia au hukosea, ni mkweli au ni mwongo. Lakini habari ya hewa ni kadirio. Taarifa za viwanja huandika waziwazi kwamba jambo fulani lina nafasi ya asilimia 30 au 40. Rubani mwangalifu akisoma hivyo hutia mafuta ya kumfikisha kiwanja kingine, na mvua isipokuja hasemi kwamba amedanganywa.

Kiswahili hakikosi ngazi za kukadiria. Kuna huenda, kuna yamkini, kuna aghalabu, kuna hapana shaka, na msemaji hodari hayachanganyi. Bali katika matangazo mengi ngazi hizo zimepotea, na yote husemwa kwa neno moja la "inatarajiwa". Hapo mwenye kutarajia mvua kwa thuluthi moja na mwenye kuitarajia kwa yakini wamesema jambo moja.

Pamoja na hayo lugha imefanya maendeleo yanayofaa kusifiwa. Mamlaka imeweka daraja kati ya angalizo na tahadhari, kila moja kwa uzito wake na rangi yake, na watu wameanza kuzitofautisha. Mnamo Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani, taarifa zilitolewa kwa Kiswahili siku baada ya siku mpaka kilipofika Mafia tarehe 4. Ukilinganisha na mwaka 1872, utaona si rada na setilaiti peke yake zilizobadilisha mambo. Palikuwa na maneno yaliyoandaliwa, na wasikilizaji waliojua maana yake.

Sharti nitaje pia jambo la huzuni. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walikufa kati ya 43. Ilikuwa ndege ya shirika, kubwa kuliko zile ninazozieleza, na sababu za ajali zina wachunguzi wake; sitathubutu kusema kwamba neno fulani lingeizuia. Nalitaja kwa jambo moja tu. Waliofika kwanza kuokoa abiria walikuwa wavuvi katika mitumbwi yao. Wao walikuwapo ziwani, macho yao yalikuwa juu ya maji na mawingu, kama walivyokuwapo wavuvi wa visiwa vya Rufiji mwaka 1914. Katika muda wa zaidi ya miaka 100 tumejenga njia ya kupeleka habari kutoka setilaiti hadi kwa rubani. Njia ya kupeleka habari kutoka kwa mtu aliye ukingoni mwa maji hadi kwa rubani bado ni nyembamba.

Kazi iliyo mbele yetu

Kutokana na habari hizi naona mambo matatu yanayoweza kufanywa bila gharama kubwa, nayo ni kazi ya wanalugha kama ilivyo kazi ya wataalamu wa hewa.

Kwanza, msamiati wa pepo, mawingu na mvua ukusanywe sasa kwa wavuvi na manahodha wa Msasani, Kunduchi, Kigamboni na kwingineko, ukilinganishwa na kamusi za zamani. Haifai kudhani kwamba kamusi zimemaliza kazi. Neno moja huwa na maana hii Unguja na ile Lamu, na kwa rubani tofauti hiyo si ndogo.

Pili, maneno machache yachaguliwe na kupewa vipimo, nayo yaandikwe katika ukurasa mmoja kwa ajili ya walinzi wa viwanja vidogo. Maswali manne yatosha: waona alama gani iliyo mbali kabisa, mawingu yametanda kiasi gani, na je, yamegusa vilima, upepo ni wa omo au wa matanga kati kwa njia ya kiwanja, na mvua iko upande gani, yaja au yaenda. Aweza kujibu mtu yeyote aliyezaliwa na macho mema. Majibu yake hayawi badala ya taarifa rasmi, bali huijaza pale ambapo yenyewe haifiki.

Tatu, wanafunzi wa hali ya hewa na wa urubani wafundishwe ngazi za kukadiria kwa Kiswahili, wajue kwamba huenda si yamkini. Baraza la Kiswahili la Taifa, Taasisi ya Chuo Kikuu na Mamlaka ya Hali ya Hewa wakiketi meza moja, watakuwa wamefanya mkutano ambao babu zao wa 1929 na 1930 hawakuufanya.

Lawama si kusudi langu. Wale walioanzisha vituo, na makarani wa Kiafrika waliotoka nje usiku wa manane katika mvua kusoma kipimo na kuandika tarakimu zao, walifanya kazi kubwa, na kila safari ya leo yasimama juu ya kazi hiyo. Lakini rubani wa bahari alipopanda katika chombo cha mgeni hakumpa karatasi akaondoka. Alikaa naye, akasema naye kwa maneno waliyoelewana, mpaka chombo kikafika. Desturi hiyo ilikuwa ya pwani hii kabla ya ndege, nayo yafaa kufuatwa hata kwa wale wanaopita juu yake.